Kopo Langu Halimwagwi

Asahikawa, Jumatatu, 15 Januari
Theluji hadi kiunoni. Nimelifungia gari kopo la kunasia oili! Injini ikihema, mvuke wa oili na maji hunaswa humo badala ya kurudi ndani kuichafua. Mke wangu Chizuru kauliza bati tupu lina faida gani. Nikamwambia angoje lijae, ataona. Akasema gari hili likituangusha tena kabla theluji haijayeyuka, linauzwa, nami nitaendesha kigari cha rangi ya waridi cha mama yake. Hatanii.

Jumatano, 17 Januari
Jirani Kumagai, ambaye hakualikwa, kachungulia boneti yangu. Eti kwa baridi hii maji ya kopo yataganda, mvuke ukose pa kutokea, injini ipasue sili, ile pete inayozuia oili isivuje. Dawa yake ni kumwaga kopo kila baada ya siku chache. “Dakika moja tu, jirani, unamwaga, unaenda zako.” Nimwage! Chizuru nitamwonyesha nini? Wivu tu. Gari lake halina kopo.

Ijumaa, 19 Januari
Jana nililizungushia kopo vipakiti vyote vya Chizuru vya kupasha mikono joto. Nikaviziba kwa nailoni na gundi, joto lisitoroke hata chembe. Leo ni baridi kama mawe. Kumagai kacheka mpaka kashika ukuta: havipati moto bila hewa, imeandikwa kwenye pakiti. Nani husoma pakiti? Chizuru kaenda kazini mikono mifukoni.

Jumamosi, 20 Januari
Nimepata! Baba mkwe, mzee Iwao, huvaa mkanda mpana wa sufu tumboni msimu mzima wa baridi. Kwake, tumbo likipigwa baridi, mtu kaisha. Ulikuwa umeanikwa karibu na jiko. Kopo limeuvaa kana kwamba lilipimwa na fundi. Mzee anautafuta nyumba nzima. Nimemsaidia kuutafuta, hadi nyuma ya friji.

Jumatatu, 22 Januari
Mzee kaamka kashika tumbo. Chizuru kaniamuru nimpeleke kliniki. Darajani, kishindo! Kijiti cha kupimia oili kimefyatuka, sili imepasuka, nyuma yetu mstari mweusi juu ya theluji. Kopo lenyewe halikuganda. Uliganda mpira unaopeleka mvuke koponi, ambao sikuuvisha kitu. Mzee kasimama nyuma ya bega langu, kautazama mkanda unaochuruzika oili.
“Mkwe, huo si wangu?”
Nikasema unafanana. Kumagai ndiye aliyekuja kutuvuta. Nilitaka kulia.

Jumapili, 4 Februari
Gari limeuzwa. Kanunua Kumagai. Kabadilisha sili, na kila akirudi kazini hufungua kopo, humwaga uji wa rangi ya kahawa kwenye chupa, huingia ndani kula. Linawaka kila asubuhi, nalisikia. Inauma, sikatai.

Mzee kapona. Kashonewa mkanda mpya, hauvui hata akilala.

Mimi naendesha kigari cha waridi. Leo nimekifungia kopo, dogo, zuri sana. Safari hii mpira nao nimeuvisha, soksi ndefu ya sufu ya mama mkwe, ambaye anaitafuta. Kumagai kauliza kutoka kwake kama hili nitakuwa nalimwaga.

Nilimwage! Halafu Chizuru aone nini?