Subaru Mbili, Ufunguo Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu mpaka saa tatu. Baridi ya kujifunga leso mbili.

Manasseh amepiga simu kutoka Minnesota. Kaka yangu huyu amewauguza wazee wa Wamarekani miaka kumi na mitano, na tangu darasa la sita anaota gari la mbio. Sasa amelipata. Amepata mawili, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Dahir, mwenye yadi ya magari pale Kisii mjini, ana Subaru mbili za michezo, zote buluu. Moja ni BRZ: milango miwili, imelala chini kama mjusi anayeota jua. Ya pili ni WRX: milango minne, na tundu la kupumulia juu ya boneti. Manasseh anazipenda sawasawa. Hawezi kuchagua. Anasema usiku hapati usingizi. Malipo ya moja Dahir alishapokea. Kilichobaki ni kumwambia ni ipi.

Basi ametuachia sisi wanawake wa nyumbani, hapa Nyacheki. Yeye ataliendesha wiki tatu kwa mwaka. Wiki zote zilizobaki litakaa kwetu kumpeleka Mama kliniki, kwa kuwa magoti yake yamegoma. Atakayechagua vizuri ndiye atakayeshika ufunguo.

Wanawake wenyewe ni wawili. Mimi, na Gladys, mke wa kaka yetu Jasper. Gladys huendesha pikapu ya ndizi hadi soko la Daraja Mbili mara tatu kwa wiki. Ana ufunguo wa pikapu, wa stoo, wa geti, hata wa choo cha wageni. Mimi nina miaka arobaini na miwili, ni karani wa kituo cha kupimia majani chai, na ufunguo wangu ni mmoja: wa kabati la mizani. Leseni ya kuendesha gari ninayo. Imekaa ndani ya Biblia miaka mitatu bila kuona barabara.

Nautaka ufunguo huo. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nimechora jedwali. Safu kumi na tisa.

Jumanne, 5 Agosti

Jua kidogo, kisha mawingu. Umande umelowesha viatu.

Nilimwomba msimamizi ruhusa nusu siku, nikaenda kwa Dahir na rula ya shule. Nikalala chini kando ya magari yote mawili kupima urefu kutoka ardhini. Zubair, mpwa wa Dahir anayeosha magari, aliinama akaniuliza kama nimeangusha hereni. Nikamjibu napima. Akaniuliza napima nini, fundi wa nguo? Nikahamia gari la pili.

Matokeo. BRZ: sentimita kumi na tatu. WRX: sentimita kumi na tatu na nusu. Nilipanda gari kwenda, nikachafua sketi ya kanisani, kwa ajili ya nusu sentimita. Halafu nilipofika nyumbani nikapima tuta la kwenye geti letu. Kumi na nane. Hakuna gari kati ya hayo litakaloingia nyumbani kwetu.

Nikachukua jembe, nikalichimba tuta hadi giza. Sasa hakuna tuta. Kuna shimo.

Wakati wa chakula Gladys alisema yeye ameshaamua: BRZ. Nilimuuliza kwa misingi gani. Akasema, "Wifi, gari la milango minne ni gari la kanisa. Kila mlango una shangazi wake anausubiri. Hii ya milango miwili, nani atakuomba lifti?" Jasper akacheka mpaka ugali ukampalia. Mama naye akacheka. Nikawaambia nina jedwali. Gladys akasema yeye ana macho.

Kisha akampigia Manasseh mbele yetu, akamwambia ile BRZ imekaa kiume. Nilisikia Manasseh akivuta pumzi huko Marekani. Ameanza kuegemea upande wake. Safu kumi na tisa, na ninashindwa na neno moja.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua alfajiri. Ikakatika kwa fadhili saa mbili.

Leo nimetumia akili. Gladys alikuwa sokoni. Nikamchukua Mama, nikamwambia tunaenda kliniki, tukapitia kwa Dahir.

Dahir ni mtu wa heshima. Alimsalimu Mama kwa Kikisii safi, "Bwakire, mong'ina," akamletea kiti. Nikasema kiti hakihitajiki, Mama atajaribu magari. Nikaanza na BRZ. Kuingia kulikuwa rahisi kwa kuwa hakuingia, alidondoka. Kutoka ndiko kulikokuwa na mambo. Dahir alivuta mkono wa kulia, Zubair mkono wa kushoto, na mimi nikapiga picha. Mama akasema, "Wacha picha, shika mguu." Nikapiga nyingine moja ndipo nikashika mguu.

Kwenye WRX alikaa kama kwenye benchi la mbele kanisani. Akatoka mwenyewe, akarekebisha kitambaa.

Nilimtumia Manasseh picha zote, ile ya mguu kwanza. Alijibu akiwa kazini, zamu ya usiku: chukua ile ambayo Mama anaweza kutoka, na ufunguo ni wako, Linet. Ni wangu. Nimeisoma mara kumi na moja.

Firdaus, binti ya Dahir anayeshika daftari la yadi, aliniambia nisihangaike kurudi mjini, nipige simu tu. Kwa kuwa rangi ni moja, wao huyaita magari hayo kwa herufi za namba. BRZ ni KDR. WRX ni KDL. Nikaandika kwenye kiganja na kwenye jedwali.

Mama ameniuliza kliniki tutaenda lini. Nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 7 Agosti

Anga safi kabisa. Kwa hiyo wachumaji wote wa Nyacheki walichuma.

Foleni ya magunia ilifika barabarani. Nikapima kwa mkono mmoja, nikapiga simu kwa mwingine. Ningeweza kumwambia Firdaus ile ya milango minne, lakini mtu makini hutumia namba ya usajili. Nikasema KDL. Akauliza, gani? Nikasema, L. Akauliza, L ama R? Nikarudia polepole: L, L kama Linet, jina langu. Akasema ahaa, sawa dada, ameandika, kesho Zubair ataleta.

Bosibori, mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni, akasema kama nimemaliza kuhubiri nimpimie chai yake kabla haijawa mbolea. Nikampimia kwa tabasamu. Nilimwongezea hata robo kilo. Leo watu wote ni ndugu zangu.

Jioni nilipita karibu na Gladys mara tatu nikiimba. Akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ukungu, kisha jua kali, kisha sikutazama tena juu.

Gari lilikuwa lifike saa sita. Zubair alipitia swala ya Ijumaa kwanza, halafu akala, halafu akafika saa kumi na moja jioni. Aliliacha juu kwenye kituo cha chai kwa sababu ya lile shimo langu. Akanikabidhi ufunguo na karatasi, akapanda bodaboda, akatoweka.

Nikahesabu milango. Miwili. Nikazunguka upande wa pili nikitumaini. Miwili tu.

Nikasoma karatasi. Gari: KDR. Mteja: Rinet.

Nikampigia Firdaus. Akaomba msamaha lakini akasema ndivyo nilivyomwambia, R kama Rinet, na yeye alishangaa kidogo lakini akafikiri ni jina la Kikisii. Nikamwambia ni mtandao. Dahir akaichukua simu, akasema hakuna neno, nilirudishe kabla hawajafunga saa moja usiku, nipewe lile lingine. Nikaingia kwenye gari mbio. Kuna pedali tatu.

Mimi leseni yangu ni ya otomatiki. WRX ni otomatiki. Hii ni ya kubadilisha gia kwa mkono, na klachi. Safu kumi na tisa, na safu ya gia sikuiweka, kwa kuwa sikuwahi kuwaza kwamba ningeichukua hii.

Nikateremka nyumbani kumsubiri Gladys, akarudi kutoka Daraja Mbili saa kumi na mbili kasoro. Nikameza maringo, nikamwomba alipeleke mjini. Akasoma ile karatasi taratibu, huku akiegemea pikapu. Akasema, "Pole, wifi Rinet." Nikamwambia mimi natamka L vizuri, ni mtandao. Akasema, "Ulimi wa Mkisii hauna L, hata ukiusuuza. Sema lori." Nikasema. Akaanguka kwa kicheko.

Mama akasema kutoka barazani kwamba yeye ameniita Rinet tangu nizaliwe na sikuwahi kulalamika.

Nikamsihi Gladys, twende tu. Akachukua koti lake. Hilo naliandika kwa haki yake. Lakini Mama akatazama jua, akasema limebaki mkono mmoja lizame, na Sabato ikiingia hakuna mtu wa nyumba hii atakayekutwa yadini akibadilishana magari. Nikasema ni dharura, Mama, ni magoti yako mwenyewe. Akasema magoti hayo ndiyo anayompigia Mungu.

Basi. Dahir alikuwa na swala mchana, sisi tuna Sabato jioni, na katikati palikuwa na saa moja tu. Nikaitumia kusema lori.

Sabato, 9 Agosti

Asubuhi nzuri mno. Ilinikera.

Mama alitaka kwenda kanisani na gari jipya. Kufika kwenye gari ni mlima mfupi, mkali, na geti lina shimo. Jasper akampandisha kwa toroli. Gari la michezo limenunuliwa ili Mama asipate taabu, na Mama akaenda kulipanda kwa toroli, amevaa gauni jeupe, amekumbatia Biblia, akisalimia majirani.

Gladys akakaa kwenye usukani. Nikamwambia ufunguo ni wangu, Manasseh aliandika. Akasema kaa nao. Kumbe gari hili huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Ufunguo ukiwa ndani tu, popote, linanguruma. Mama akadondoshwa kiti cha mbele. Mimi nikakunjwa nyuma, magoti kwenye masikio, ufunguo ndani ya mkoba. Nimeushika ufunguo safari nzima. Haukuwa na kazi yoyote.

Kanisani mashemasi wanne walimtoa Mama kwa utaratibu mzuri, kama jeneza la mtu mwenye hadhi. Watu wakasogea kutazama. Mzee wa kanisa akasifu rangi. Kisha wakaingia ndani. Wote. Kile kiti cha mbele kisipokunjwa, aliye nyuma hatoki, na hakuna aliyekikunja. Vioo vya nyuma havifunguki. Nilisikiliza shule ya Sabato kwa mbali, na somo lilikuwa subira.

Gesare, binti ya jirani yetu, ndiye aliyeniona alipochelewa. Akafungua mlango, akaniuliza kwa nini sishuki. Nikamwambia nalinda gari.

Jua lilipozama nikampigia Dahir hapo hapo. Akasema ameniwekea lile lingine Ijumaa yote, hata leo asubuhi akamzuia mtu, lakini mchana alikuja mwalimu kutoka Nyamira na familia ya watu watano. KDL imekwenda Nyamira. Nikamuuliza mwalimu huyo alisemaje kuhusu ile herufi. Akasema mwalimu hakutaja herufi. Alinyoosha kidole.

Jumapili, 10 Agosti

Manyunyu tangu alfajiri. Kwa mara ya kwanza wiki hii, yananifaa.

Nilimwandikia Manasseh kila kitu, kurasa mbili za simu: herufi, mtandao, pedali, toroli. Niliomba msamaha mwanzo na mwisho. Nikamwambia ampe Gladys ufunguo, nami nirudi kwenye mizani yangu.

Akapiga. Alikuwa akicheka, halafu nadhani alikuwa akilia kidogo. Akasema moyoni alitaka BRZ tangu mwanzo, alikuwa anaona haya kusema kwa ajili ya Mama. Akasema Mama amempigia na kumwambia lile gari linamkumbatia. Akasema asante, Linet, na ufunguo ubaki kwangu kama alivyoahidi, Gladys aendeshe, tusaidiane kama dada.

Hapo ningenyamaza. Kila mtu alikuwa ameridhika. Gladys alikuwa ameketi pembeni yangu akimenya ndizi, hana hata neno la kejeli.

Lakini Manasseh akasema anafika uwanja wa ndege wa Kisumu Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe kumi na nane, na nani ataenda kumpokea? Nikasikia sauti ikisema, mimi, mwenyewe, nikiendesha. Ilikuwa sauti yangu. Akauliza kama gia nimezizoea. Nikasema kabisa. Gladys aliacha kumenya. Baadaye akaniambia polepole kwamba anaweza kunifundisha jioni akitoka sokoni, bila kumwambia mtu. Nikamwambia asijisumbue. Nilimtazama jana safari nzima. Miguu sikuiona kutoka kule nyuma, lakini mkono niliuona vizuri.

Nimechora jedwali jipya. Gari lina gia sita, na siku zinanitosha. Jumatatu gia ya kwanza. Jumanne ya pili. Jumatano ya tatu. Alhamisi ya nne. Ijumaa ya tano, kabla jua halijazama. Sabato mapumziko. Jumapili ya sita. Ya kurudi nyuma sikuipangia siku. Kisumu iko mbele.

Nazima taa, nalala. Ni saa tano na dakika ishirini.