Mafiga Matatu ya Kumzuia Eunike

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Eunike anahamia Singida Jumatatu! Dada yake kampatia chumba cha kushonea huko. Nilizisikia habari hizo gengeni kwangu, hapa Maji ya Chai, nikampa mteja wa vitunguu nyanya.

Miaka minne nampenda. Miaka minne simwambii.

Jioni nikaenda kwa Mwalimu Thomasi, mstaafu na mzee wa kanisa, anayejua balagha ya Wagiriki wa kale. Nikampa shikamoo, nikaomba anifundishe kumshawishi mtu. Akasema hotuba ni chungu, hukaa juu ya mafiga matatu: hoja, tabia ya msemaji inayoaminika, na hisia za wasikilizaji. Nikasema nitajaribu figa moja moja. Akaguna.

Alhamisi, 12 Juni

Hoja. Nimemkuta Eunike kwenye cherehani yake. Nikamhesabia kwa vidole: wateja wake wako huku, kwaya itakosa sauti ya pili, Singida hatapata migomba kama yetu. Hoja saba! Akasikiliza zote. Akauliza kama kuna ya nane. Nikasema hapana, zimeisha. Akainamia kitambaa chake.

Jamani, ile shingo akiinama!

Jumamosi, 14 Juni

Tabia. Mtu huaminiwa kwa anavyoonekana. (Mwalimu anasema sivyo hasa, ila muda hautoshi.) Nikaazima koti la Mwalimu, nikaenda kwa Eunike kifua mbele. Akatazama kiwiko, akasema kiraka kile alikishona yeye Jumatano. Aibu!

Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema Singida hatapata mtu wa kumchekesha hivi. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Lakini sikuwa nimejipanga. Nikamwambia aanue nguo, mvua inakuja. Haikuja.

Jumapili, 15 Juni

Hisia! Baada ya ibada, mnada wa sadaka uwanjani. Mwalimu ndiye mnadi wetu, sauti imemkauka, nikajitolea. Mpango: ninadi mkungu wa ndizi alioutoa Eunike, watu walie, halafu niununue mwenyewe na kumkabidhi mbele ya usharika mzima.

Nikanadi. Nikasema mkungu huu umekuzwa na mikono itakayoondoka kesho. Nikasema kuna mtu hapa ambaye kila jioni atapita mbele ya dirisha lisilo na taa, na bado atageuka kuliangalia. Hilo sikulitunga. Akina mama walilia. Mimi pia kidogo.

Nikainua mkono ninunue. Mwalimu akaushusha. Mnadi hanunui! Nimekulia kanisa hili, desturi naijua kama jina langu, nikaisahau.

Akaununua Lomayani, fundi pikipiki, mtu ambaye hata amina haitamki kwa sauti. Akaubeba, akauweka miguuni pa Eunike. Akamwambia asiende. Basi. Neno jingine hakuwa nalo.

Jumatatu, 16 Juni

Basi la Singida limeondoka bila Eunike. Hotuba yangu imemzuia! Wagiriki hoyee!

Lomayani alikuja kunishukuru. Eti alishakata tamaa, mpaka aliponisikia mnadani. Na kwa kuwa yeye si msemaji, ameniomba niwe mshenga wake.

Baadaye akapita Eunike. Akasema wiki nzima alikuwa akimsubiri mtu fulani aseme. Nikamuuliza aseme nini. Akanitazama sana. Akasema, haya, Sadoki, baki salama. Akaenda zake. Nilisimama gengeni mpaka nikashindwa kumwona. Inauma, sifichi.

Ila kosa nimeligundua. Nilitumia figa moja moja! Chungu kitakaaje? Kwa hiyo ushenga nimeukubali. Siku ya posa, mbele ya baba yake, nitayatumia yote matatu kwa pamoja. Nitamsemea Lomayani, lakini Eunike akisikiliza vizuri atajua moyo unaosema ni wa nani.

Hoja ninazo tisa tayari. Koti nimeshaliomba tena.