Studio ya Byron Imekufa, Machozi Ana Matanga Maseno

Redio, jirani yetu asiyekosa habari, alifika kwa benchi langu la uji hapa Kaloleni akipiga makofi.

"Mama Lornah, umesikia? Studio ya Byron imefungwa! Miezi saba tu, yawa!"

Byron mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo, kikombe mkononi. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza gemu za kompyuta za kuchekelea watu. Moja ni ya kung'oa magugu ziwani. Haina mshindi, maana ukikaribia kumaliza, kamati inaundwa. Nyingine ni ya mzee anayezunguka matanga ya watu asiowajua, analia ndio apewe nyama.

"Studio ilikufa na nini?" Redio akauliza.

"Tulishindwa mbio. Tunatunga kichekesho Jumatatu, Ijumaa wakubwa wameshakifanya kweli," Byron akajibu.

Hapo Machozi, yule mzee wa gemu mwenyewe, akaingia na koti lake jeusi. "Wacha ikufe! Sasa futa ile gemu. Jumamosi niko na matanga Maseno."

"Haifutiki, mzee. Iko kwa simu za watu, hata huko Maseno."

"Wiki jana msichana wa kupakua amenifunikia sufuria! Eti, 'Mzee, umefika steji ya ngapi kwa gemu?'"

Redio alicheka mpaka uji ukampalia. "Omera, ndugu yangu, si hata kofia ya yule wa gemu ni yako!"

"Kofia ziko nyingi."

"Na kulilia marehemu kwa jina la mtu mwingine?"

Machozi akapokea kikombe chake cha uji. Mimi nikakoroga uji. Siku nilipomzika mume wangu, huyu mzee alilia kunishinda, akijigaragaza karibu na jeneza: "Mathews! Umeniachia nani, Mathews!" Mume wangu hakuwa Mathews. Nilimhurumia, nikamwambia binti yangu Lornah ampe sahani. Byron ndiye aliyekuwa akipanga viti, akayasikia yote.

"Sasa nifundishe," Machozi akamwambia Byron. "Steji ya kwanza watu hupita aje?"

"Rahisi. Unauliza marehemu anaitwa nani."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Lakini hakuna ameuliza. Wote hukimbilia nyama."

Machozi akazungusha kikombe chake. Kisha akavua kofia, akaniangalia.

"Mama Lornah. Mzee wako aliitwa nani?"

"Wafula."

"Pole kwa Wafula."

"Asante." Nikamwongezea uji.

Byron akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Amepita!"

"Ya pili ni gani?" Machozi akauliza, kofia imesharudi kichwani.

"Kusaidia kuchimba kaburi."

Machozi akaweka kikombe chini polepole.

"Kumbe Maseno ni mbali," akasema, akaenda zake.