Baina Yetu, Alisema Meya

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Leo nimekaa meza moja na Meya. Tumebaki wawili tu studio, mimi na yeye, wimbo mzima.

Mahojiano yalikuwa ya Bwana Tai, mtangazaji wetu wa siasa, kama kawaida. Huyu huvaa tai kwenye redio, sijui anamvalia nani. Mimi nilikuwa pembeni nangoja zamu yangu ya tanzia. Miaka yote hii nasoma matangazo ya vifo, mpaka mtaani naitwa Bwana Tanzia, na mgonjwa nikimtembelea hugeukia ukutani. Hewani Meya alisema maji ya bomba ni safi na salama, wanaosema vingine ni wazushi. Ukawekwa wimbo. Taa nyekundu ikazimwa. Bwana Tai akakimbilia msalani.

Nikamimina maji kwenye glasi, nikamsogezea mgeni. Akaisukuma kwa kidole kimoja. Akasema, "Baina yetu, ya bomba siyanywi mimi. Bomba kuu limepasuka pale linapopakana na mtaro wa maji machafu. Kwangu tunachemsha, tena mara mbili." Nikaitikia kwa heshima. Yale maji nikayanywa mwenyewe, yasipotee bure.

Halafu akatoa dhahabu! Aliinama, akaninong'oneza kwamba Naibu wake, na kitambi kile, akisimama kuhutubia, hata kuku huingia bandani, wakidhani jua limekuchwa.

Nilicheka mpaka karatasi za marehemu zikanidondoka. Hii ni habari. Tena ni yangu peke yangu. Kwaheri tanzia, karibu dawati la siasa! Nimemwambia mke wangu ajiandae kuwa mke wa mtu mzito. Akaniambia kwanza nikakinge maji, bomba limeanza kutoa. Nimejaza ndoo zote, na mbili nimempelekea jirani yetu, fundi cherehani. Ujirani ni kusaidiana.

Jumanne, 5 Machi

Kikao cha habari. Nilisubiri wote wamalize, nikasimama, nikakohoa, nikawapa kuku wangu na banda lao. Walicheka. Bwana Tai hakucheka. Wivu.

Mama Mhariri akauliza Meya aliyasema haya wapi. Nikasema studio, taa ikiwa imezimwa. Akauliza aliyatanguliza kwa maneno gani. Nikakiri: "baina yetu." Akasema basi, mtu amekuamini na mzaha wake, hatuutangazi.

Nilikuwa nimejiandaa! Nikamwonyesha ukutani, palipoandikwa kwa rangi ya buluu: Sauti Yetu Sote. Nikamweleza kwamba "yetu" ya Meya na "yetu" ya ukutani ni moja. Mimi ni wa redio, redio ni ya wasikilizaji, kwa hiyo baina yetu ni baina ya mji mzima. Mama Mhariri akasema kwa hesabu hiyo hata mswaki wangu ni wetu. Wakacheka tena, safari hii na Bwana Tai akiwemo.

Akaongeza, bila kucheka, kwamba kumcheka Naibu ni umbea, na umbea una baraza zake. Ila mkubwa akitamka kwa siri jambo linalogusa afya au roho za watu, hilo tumletee mara moja. Hatutamvizia. Tutamwendea, tutamuuliza waziwazi, tutatafuta na wengine wanaojua. Akanitazama. Akauliza kama Meya alisema kitu kingine chochote.

Nikafikiri. Nikasema hakuna. Mambo ya kuchemsha maji ni ya jikoni, si ya kikao.

Jumatano, 6 Machi

Mtoto wetu wa mwisho ameamka na tumbo. Anaharisha, anatapika. Mke wangu amempeleka hospitali. Lawama zangu zote ziko kwa mama mkwe na maandazi yake ya juzi. Nimesema hivyo. Mke wangu alikuwa anatafuta viatu vya mtoto.

Kwa fundi nako si shwari. Yule binti yake mdogo, Kifungo, naye hajiwezi. Wanamwita Kifungo kwa sababu hushinda chini ya cherehani anaokota vifungo vilivyoanguka na kuvipanga kwa rangi. Kila nikipita huniuzia kimoja kwa salamu. Leo hakuwepo. Fundi alifunga duka, akambeba begani.

Wodi ya watoto imejaa, kila kitanda wawili wawili. Muuguzi anasema hajawahi kuona hivi. Maandazi ya mama mkwe yamefika mbali!

Ila siwezi kukaa tu nikihuzunika. Mama Mhariri kesho ana mkutano nje ya ofisi. Penye nia pana njia.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mpango ulikuwa mzuri. Tanzia ni zangu, hakuna anayezikagua. Nikaamua nikimaliza marehemu wa mwisho niunganishe moja kwa moja na habari yangu. Nikaiandika vizuri: "Na kutoka ofisi ya Meya, Naibu Meya wa mji huu, ambaye akisimama hata kuku huingia bandani wakidhani jua limekuchwa..." Nilikuwa na maelezo mengine mengi mbele. Sikuyafikia. Fundi mitambo alinikata.

Kosa langu ni moja tu. Nilisahau kumwambia azime ule muziki wa huzuni. Basi, labda mawili. Sauti nyingine sina, ninayo hii hii ya msiba.

Watu waliposikia tanzia, zeze, sauti yangu, kisha "Naibu Meya", hawakungoja zaidi. Waliosikia "jua limekuchwa" walidhani ni fumbo la kifo, tena wakasifu lugha. Kufika saa sita viti vya kukodi vilishapangwa kwa Naibu. Akina mama waliingia na vilio. Naibu akatoka na fulana, mkono una wali, akauliza nani amekufa. Shangazi yake alizimia palepale.

Watoto katika tanzia za leo walikuwa wengi. Majina mafupi, umri mfupi. Niliyasoma haraka ili nifike kwenye habari yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetolewa hewani. Mama Mhariri hakupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Kuanzia leo napanga kanda stoo. Bwana Tai alinipa pole ndefu mno.

Jioni nikaenda wodini. Mtoto wetu ana dripu mkononi, macho yameingia ndani, lakini alinijua. Nilimshika mguu. Mguu umekuwa mwepesi. Niliogopa, naandika bila aibu. Niliogopa sana.

Kitanda hicho hicho, upande wa pili, amelala Kifungo. Mama yake anampepea kwa ganda la boksi. Hakuniuzia kifungo wala hakufumbua macho.

Kukaa kimya kulinishinda. Nikaanza kumsimulia mke wangu ili kumchangamsha, nilivyokaa na Meya kama ndugu, akaniita karibu, akaniambia siri zake. Nikamwambia, "Baina yetu, mke wangu, hata maji ya bomba hanywi! Bomba kuu limepasuka kwenye mtaro. Yeye anachemsha mara mbili, mkubwa yule!" Nilitaka aone tulivyozoeana.

Hakucheka. Alitazama kikombe kilichokuwa kando ya mtoto. Alikichukua, akakinusa, akakimwaga kwenye ndoo. Kisha akachukua na cha Kifungo, akakimwaga. Akaniuliza Meya aliniambia lini. Nikamwambia Jumatatu. Akaniuliza ndoo za Jumatatu nilijaza mimi? Nikasema ni mimi, na za fundi pia.

Akaondoka bila kuaga. Nilimwona akiongea na muuguzi, kisha na mama mmoja, kisha na mwingine. Nikadhani anatafuta sabuni.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesalitiwa! Tena na mke wangu wa ndoa!

Niko stoo, redio imewashwa, nasikia taarifa ya asubuhi. Bwana Tai anatangaza chemsheni maji. Kisha inakuja sauti ya mwanamke akieleza alichosikia. Ile sauti naijua, ndiyo inayoniita kula.

Kumbe jana hiyo hiyo alimwendea Mama Mhariri. Mama Mhariri akampigia Meya kumuuliza waziwazi. Meya akakana. Akampigia mhandisi wa maji. Mhandisi akasema ni kweli, yeye mwenyewe alishapeleka taarifa, akaambiwa asitie watu hofu. Habari ikawa habari. Mji mzima una moto jikoni. Na aliyeitangaza ni nani? Tai!

Nilimfuata mke wangu wodini. Nilimkumbusha kwamba nilitanguliza "baina yetu". Maneno ya mume na mke yana heshima yake! Akasema "yetu" ni mimi, yeye na kila mama aliye kwenye wodi ile. Nikamwambia hiyo si maana ya "yetu". Akasema basi aliyetufundisha vibaya ni yule aliyeandika ukutani kwenu.

Mama Mhariri naye aliniita. Akasema Jumanne aliniuliza kama kulikuwa na kitu kingine. Nikamweleza kwamba nilidhani maji ni umbea wa jikoni na kuku ndio siasa. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaomba nimwache peke yake.

Jumapili, 10 Machi

Kifungo amefariki alfajiri.

Fundi alikuja redioni mwenyewe. Alisema anataka tanzia ya mwanawe isomwe na jirani yake, maana mtoto alikuwa akisikia sauti yangu anaacha vifungo anaigiza. Mama Mhariri akaniruhusu mara hii tu.

Nilisoma. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, wala sikuwahi kulijua. Nilipofika kwenye umri sauti ilikatika. Fundi mitambo alipandisha muziki mpaka nikarudi. Nimelia hewani, jambo ambalo sijawahi kufanya kwa marehemu yeyote. Nimelia na nyumbani pia.

Wetu anaendelea vizuri. Leo ameomba uji.

Jumatatu, 11 Machi

Tumemzika. Watu walikuwa wengi, na makaburi madogo mapya hayakuwa moja.

Katika kupeana mikono, fundi alinishika akaniuliza kwa upole, "Jirani, eti Meya alikwambia lini?" Nikasema Jumatatu. Nikaongeza kwamba haikuwa ya kutangazwa, alinitangulizia "baina yetu", na mimi ni mtu wa miiko. Hakugomba. Alirudia tu, "Jumatatu." Kisha akanishukuru kwa kuja, akashika mkono wa aliyefuata.

Mke wangu hasemi na mimi. Amehamia kwa mama yake na watoto mpaka bomba litengenezwe. Najua bomba ni kisingizio.

Jumatano, 13 Machi

Kimya kingi kina mshindo mkubwa! Leo nimepigiwa simu na msaidizi wa Meya.

Anasema Mheshimiwa ameumizwa sana na watu wasiojua kutunza neno. Amechunguza, akagundua kwamba ya bomba mimi niliambiwa kwa mdomo wake mwenyewe na redioni sikuyatamka. Ya Naibu amenisamehe, tena nasikia ilimchekesha. Ofisi yake inatafuta msemaji mpya, mtu wa kusikia mengi na kusema machache. Nikamwambia mtu huyo anaongea naye. Siri ya mtungi aijuaye kata!

Akataka jina la mtu mmoja mwaminifu, asiye wa ukoo wangu, wa kuthibitisha kwamba siri nikipewa siitoi hata iweje. Hapo nilipata taabu. Mama Mhariri hafai. Bwana Tai hafai kabisa. Nikafikiri nani anajua kwa hakika kwamba nililijua neno lile tangu Jumatatu na nikanyamaza.

Nimewapa namba ya fundi. Watampigia kesho.