Baba Mkwe Amenikuta Ndani ya Begi la Kulalia

Leo nimeadhirika. Sikuteleza sokoni, wala sikutuma meseji kwa mtu asiyehusika. Hayo mimi nayaita mambo madogo. Nimeadhirika sebuleni kwangu mwenyewe, hapa Mikindani, mchana kweupe, mbele ya baba mkwe.

Kaeni vizuri, nianze mwanzo.

Mnajua (na kama hamjui ni kwamba huwa mnaruka stetasi zangu, nimewaona) kwamba likizo ya Desemba tunasafiri, walimu wanne wa kike wa shule moja. Tunakwenda kwenye milima. Tunatoka na barabara ya Masasi na Tunduru, tunalala Songea, tunapita Njombe, tunapanda mpaka Hifadhi ya Kitulo kutembea kwenye yale maua. Tukishuka tunazungukia Iringa mpaka Udzungwa, tunapanda kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje, tunapiga picha za kuwaudhi watu, tunarudi nyumbani kwa njia ya Lindi. Mpango umekaa sawa. Waume wamekubali. Mabuti ya kupandia tumenunua mtumbani (langu la kushoto linalia kama bata, lakini tuyaache hayo).

Kilichobaki ni gari.

Gari lipo. Ni Noah ya baba mkwe, mkulima wa korosho kule Nanyamba. Hiyo Noah anaipenda kuliko baadhi ya watoto wake (mume wangu Saidi yumo kwenye hao baadhi). Saidi alipompigia simu kumwomba, mzee alinyamaza mpaka Saidi akadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Jumamosi nakuja na mama yako. Nataka nkwe wangu anieleze mwenyewe, huko nlimani anafuata nini." Mzee ni Mmakonde wa bara haswa, herufi m kwake ni mgeni anayeingia kwa kuomba.

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku ya kesi. Nilishaandaa maneno kichwani: mazingira, elimu, utalii wa ndani, kupenda nchi yetu. Maneno ya mwalimu mwenye heshima. Nilitaka baba mkwe anione mtu mzima, mwenye akili timamu, anayeweza kukabidhiwa gari la watu.

Nimeamka alfajiri nikapika wali wa nazi, changu wa kukaanga na kisamvu. Nikafagia, nikatandika mkeka mpya. Saidi yuko kazini bandarini, Rukia wangu na wadogo zake wako madrasa. Wakwe walisema watafika baada ya adhuhuri. Nikatazama saa, bado mapema kabisa. Na mtu kama mimi ukimwachia muda na hana la kufanya, umemtafutia balaa.

Nikakumbuka begi la kulalia.

Begi ni la Mwalimu Anjela, kiongozi wetu wa safari. Anjela ni mzaliwa wa Makete, kakulia kwenye baridi ya kuvaa koti jikoni. Kila tukikutana ananiambia, "Nyie wa pwani mtanigandia kule Kitulo, niwabebe kama samaki wa jokofu." Juzi akaniazima begi lake nijizoeze. Ni refu, pana mabegani, jembamba miguuni, lina zipu ya upande mmoja na kofia ya kufunika kichwa. Kofia ina kamba. Ukiikaza, uso wote unafunikwa, inabaki pua. Ukilala humo unafanana na samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba.

Sasa, Mtwara mwezi huu baridi utaitoa wapi? Nikaitengeneza. (Hapa ndipo ningekuwa na rafiki karibu angenizuia.) Mimi nauza barafu za mifuko. Nikachukua kadhaa kutoka kwenye jokofu, nikazitumbukiza ndani ya begi upande wa miguuni. Nikawasha feni mpaka mwisho. Nikavaa gauni langu la kulalia, nikajifunga kanga, nikazama. Kwanza nikampigia Anjela simu ya video, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya stuli, ili aone kwamba mtu wa pwani naye ni mtu.

"Unaniona?"

"Nakuona. Umefunga zipu?"

"Mpaka shingoni."

"Kaza kamba ya kofia."

"Nimekaza."

"Kaza tena! Kule upepo unaingia hata puani."

Nikakaza. Nikakaza tena kwa sifa. Nikasikia fundo likijibana. Miguu inaganda, feni inapuliza, nikajisemea, kumbe baridi yenyewe ndiyo hii? Nikaanza kujiona nimesimama Kitulo katikati ya maua.

Umeme ukakatika.

Ndugu zangu. Mlishawahi kuingia ndani ya chungu cha wali mkafunikwa na makaa juu? Feni ilisimama na joto likaingia palepale kama lilikuwa linasubiri mlangoni. Jasho likaanza kunitiririka mpaka ndani ya masikio. Nikashika zipu nivute. Ikashuka kidogo ikagoma. Nikavuta tena. Imeng'ata kanga! Nikapeleka mkono kwenye fundo la kofia. Fundo liko nje, mkono uko ndani.

"Anjela, haifunguki!"

"Usivute kwa nguvu, utanichania begi!"

"Nakufa huku, wewe unawaza begi?"

"Hufi. Rudisha zipu nyuma kwanza, halafu uvute."

"Nyuma ni wapi? Mimi sioni kitu!"

Hapo ndipo niliposikia honi. Naijua honi ile. Fupi, ya upole, kama inaomba radhi kwa kusumbua. Noah!

Wamewahi. Wazee wa Nanyamba ukiwaambia njoo mchana, wanatoka nyumbani jua halijachomoza. Na mimi mlango nimeurudishia tu, sikuufunga, ili upepo upite.

Nikaamua nikimbilie chumbani. Nikajikunja, nikajiinua, nikasimama, hata sijui kwa nguvu za nani. Nikaruka. Tup! Nikaruka tena. Tup! Kama mashindano ya kukimbia ndani ya gunia siku ya michezo shuleni, tofauti ni kwamba yule wa gunia kichwa kiko nje na mkwe wake hayuko kibarazani. Mruko wa tatu nikakanyaga barafu. Nilikwenda chini na stuli, chupa ya chai na simu. Nikabiringika. Nikatulia katikati ya mkeka mpya, uso chini.

"Hodi!" Sauti ya mzee. "Hodi humu ndani!"

Nikabana pumzi. Nilidhani atarudi garini asubiri. Mlango ukasikika unafunguka.

Hatua mbili zikaingia, zikasimama.

"Saidi?" akaita. Halafu, polepole, "Saidi, nini hiki?"

Sasa jamani, mimi nimelelewa. Mtu mzima akiingia unamwamkia, uwe unaumwa, uwe unaungua. Mdomo wangu wenyewe ukasema, "Shikamoo baba." Hivyo ndivyo nilivyosema mimi. Kilichotoka nje ya ile kofia kilikuwa mngurumo.

Nikasikia mzee amerudi nyuma hatua moja. Na hapohapo, kutoka chini ya stuli, ambako simu ilikuwa imelala kifudifudi, Anjela akapaza sauti: "Tulia! Usihangaike! Nakuja kukufungua sasa hivi!"

Mwanamke anaongea, mwili hauonekani. Mwili unaonekana, umelala chini, unanguruma. Wewe ungefanya nini?

Baba mkwe alifanya kama Mwislamu yeyote mwenye akili zake. Akaanza kusoma Ayatul Kursi, kwa sauti ambayo hata kwenye maulidi sijawahi kuisikia. Mimi nikaona njia pekee ya kumtuliza ni kumwonyesha kwamba tuko upande mmoja. Nikaitikia, "Amin!"

Akaongeza sauti.

Mama mkwe akaingia mbio, nyuma yake jirani yangu Mama Zai, mtu ambaye habari haijawahi kulala kwake. Mama Zai alitupa jicho moja mkekani, akapiga yowe lililofika mpaka ufukweni: "Chatu! Chatu kameza mtu!"

Nyumba ikajaa. Nilisikia ndala, nilisikia vikohozi, nilisikia mtu anaomba panga. Panga! Nikajigaragaza kwa hofu. Watu wakapiga kelele, "Huyoo, anaelekea mlangoni!" Nikaacha kujigaragaza.

Na bado hamjasikia kibaya chenyewe.

Zile barafu. Nilipoanguka mifuko ilisogea mapajani ikapasuka, na kwa joto lile zikageuka maji. Maji yakatafuta njia. Yakatokea chini ya begi, kwenye usawa ambao sitautaja, yakaanza kutandaa juu ya mkeka mbele ya ukoo mzima wa mume wangu na nusu ya mtaa. Yalikwenda taratibu, hayana haraka, mpaka kwenye miguu mitupu ya baba mkwe, maana mzee ana adabu zake, alivua viatu mlangoni.

Usomaji ukakatika.

"Mh," akasema baba mkwe.

"Masikini," akasema mama mkwe kwa huruma, "hofu imemzidi."

"Ni barafu!" nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Barafu!"

"Anasemaje?" mtu akauliza.

"Anasema yeye ni mfu," akatafsiri Mama Zai.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Mungu amweke. Watu wote wamesimama mbali, yeye akapiga magoti, akanigeuza, akachungulia kwenye kile kitundu cha kofia. Nikaona jicho lake moja. Naye akaona pua yangu. Akaitazama kwa muda.

"Pua hii naijua," akasema. "Huyu mama Rukia!"

Hapo sauti yake ikabadilika. "Wanaume wote nje! Hata wewe, baba Saidi, nje! Mama Zai, lete mafuta ya nazi. Na hilo panga lirudi lilikotoka."

Akafungua fundo kwa meno. Hewa ilipoingia nililia, siwafichi. Akapaka zipu mafuta, akanikalia miguuni nisitikisike, akawa anavuta huku ananisimanga kwa Kimakonde, lugha ambayo alidhani siielewi (nimeielewa yote, mama). Kanga ilitoka vipande viwili. Nami nikatoka nimelowa, nanuka nazi, nywele zimesimama. Wakati huohuo Anjela akashuka kwenye bodaboda, akaingia anahema, na neno lake la kwanza halikuwa pole. Lilikuwa, "Hamjalikata?"

Nikaoga. Nikavaa dera langu la heshima na mtandio. Saidi akarudi kutoka kazini, akasimuliwa mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Tukala. Kila mtu na tonge lake. Baba mkwe hakuniangalia hata mara moja. Maneno yangu ya mazingira na utalii wa ndani sikuyaona tena kichwani. Nilichokuwa nakiona ni ile Noah ikirudi Nanyamba, na sisi wanne Desemba tumekaa kwenye ukuta wa shule tunaangalia picha za watu wengine wakiwa mlimani. Anjela alikuwa anamchambua changu miiba kama mtu aliyefiwa.

Mzee akanawa mikono. Akasafisha koo.

"Hilo begi," akasema. "Huko kwenye baridi watu wanalala humo?"

"Ndiyo baba."

"Wanaingia wenyewe? Kwa hiari?"

"Kuna baridi sana baba."

"Sana kiasi gani?"

Nikamtazama Anjela anisaidie. Anjela akasema, "Mzee, kule nyumbani asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Ukiongea, moshi unatoka mdomoni."

Baba mkwe akamgeukia Anjela mwili mzima. Nikaona kitu usoni kwake ambacho sijawahi kukiona, kama mtoto aliyesikia kuna sinema uwanjani.

"Mimi na umri wangu huu," akasema, "koti nimevaa kwenye picha ya kitambulisho tu. Nlima nimeuona ule wa kupandia Newala." Akatikisa kichwa. "Gari natoa."

Nusura nimkumbatie. Anjela akasema alhamdulillahi, na yeye ni mlokole.

"Lakini," akaendelea, "usukani nashika mimi. Siwezi kumwachia Noah ntu anayekwama sebuleni kwake."

"Na mimi nakuja," akasema mama mkwe, hajainua hata macho kwenye sahani. "Siti ya mbele. Asubuhi nani atamfungulia?"

Basi jamani, ndiyo hivyo. Safari ya mashoga wanne imekuwa safari ya mashoga wanne na wakwe. Zile suruali tulizonunua zinarudi kabatini. Nyimbo alizopanga Anjela kutoka Masasi mpaka Songea, haufai hata mmoja kusikika mbele ya mama mkwe. Mzee sasa hivi yuko kibarazani anawaeleza majirani kuhusu majani meupe, kama yeye ndiye aliyetokea Makete, na Mama Zai anauliza kama kuna nafasi nyuma.

Wameniita chai mara mbili. Nimejibu nakuja. Naombeni msicheke kwa sauti, kuta zetu hapa nyembamba. Kwenye begi nimeshatoka. Shughuli ni kutoka chumbani.