Njia Panda ya Mbele ya Kambi

Jumatatu, 9 Machi 2026. Juru, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Ujumbe wa mwalimu umeingia kwenye simu. Kila mwanafunzi achague njia panda, ahesabu magari, atume kazi ifikapo Ijumaa. Asiyetuma anafutwa masomoni. Anafutwa! Mimi, Appolinaire, Mkongomani wa kwanza hapa Juru kusomea shahada ya pili ya uhandisi wa barabara kwa njia ya simu! Mama Joël ameshaliambia kanisa zima kwamba mume wake ni injinia.

Emery, Mrundi ninayesoma naye kozi hii, akaja anatabasamu. Eti tuhesabu pamoja, mwalimu anaruhusu wawili wawili. Eti nimechagua fasi gani? Tabasamu la nini? Huyu anataka kuniibia. Nikamwambia njia panda ya Kaberebere. Uongo mtupu! Mimi naenda Mbarara mjini.

Akanikumbusha pia nichapishe barua ya chuo ya kuonyesha askari. Barua yenye mada yangu, mwenye kibanda cha kuchapa aisome yote? Sichapishi ng'o.

Jumanne, 10 Machi. Mbarara

Fasi nzuri sana! Njia panda mbele ya geti la kambi ya jeshi. Malori, pikipiki, magari mingi ya kijani, yanaingia, yanatoka. Nimevaa miwani myeusi na kofia ya shambani ya Mama Joël, nimejibanza nyuma ya rundo la matoke. Naandika kwa alama zangu mwenyewe: duara ni lori, msalaba ni pikipiki, nyota ni gari la jeshi. Emery akiiba ataambulia patupu.

Medius, muuza chapati, akauliza namngoja nani. Nikasema shemeji. Akauliza ni shemeji gani huyo haji tangu asubuhi. Maswali gani hayo kwa mtu wa chapati! Halafu mama mmoja wa mule kambini akapita, akarudi, akapita tena, jicho kwangu. Emery ana watu mpaka huku.

Alhamisi, 12 Machi. Juru

Jana sikuandika. Nilikuwa ndani.

Ilikuwa hivi. Jana asubuhi, palepale mbele ya geti, jamaa mmoja kanunua chapati, haili. Anaangalia karatasi yangu tu. Nikachoka, nikamfuata, nikamwambia namjua aliyemtuma. Akauliza ni nani. Nikamwambia tusidanganyane, na akamwambie bosi wake hapati kitu kwangu.

Akanishika mkono. Kumbe ni askari wa ile kambi, Afande Jonan. Mungu wangu!

Kule ndani wakaweka karatasi mezani. "Hii nyota nini?" Nikasema ni magari yenu. "Nani alituma wewe kuhesabu gari ya jeshi?" Mlango ulikuwa wazi, na huwezi kujua nani anasikiliza. Nikasema hiyo ni siri yangu. Lo, jibu baya! Afande hakucheka. Hapo niliogopa kweli.

Leo wakaniruhusu nipige simu moja. Mama Joël angelia tu. Ikabidi nimpigie Emery.

Akaja, jasho linamtoka, na barua ya chuo mkononi. Alikuwa amechapisha yake na yangu, yangu aliiomba chuoni. Akamweleza Afande polepole kwamba sisi wa barabara kazi yetu ni kuhesabu magari, na kwamba mtu huripoti kwanza kwa askari. Afande akaniuliza kwa nini sikusema. Mimi nikauliza habari za karatasi zangu. Zinabaki kambini!

Njiani nililia, sifichi. Emery akasema nisihangaike. Jumanne alinifuata Kaberebere anisaidie, hakuniona, akahesabu peke yake, jana pia. Tutatuma na majina mawili. Nikamkumbatia.

Ijumaa, 13 Machi

Kazi imetumwa. Emery ameliweka jina langu likawa la kwanza. La kwanza! Nani anahangaika juani halafu anamtanguliza mwenzake? Labda hizo hesabu kaiba mahali, anataka nikamatwe mimi. Mama Joël akanisihi nishukuru, ninyamaze. Na yeye tangu lini anamtetea Emery?

Nimemwandikia mwalimu kwa siri. Aichunguze kazi ile, kuna wizi ndani.

Mwalimu amejibu upesi. Kazi ameizuia. Anataka mwenye jina la kwanza aeleze alisimama wapi Kaberebere, na alihesabu siku gani. Nisipojibu leo, nimefutwa.

Ha! Kumbe na mwalimu yuko upande wa Emery.