Shujaa Mwenye Ufagio

Jumatatu, 3 Februari

Baridi ya Duluth, huku kaskazini mwa Marekani, leo haina adabu. Dansi ya chuo ni tarehe kumi na tano, na ni wasichana wanaoalika. Solveig Aune bado hajaalika mtu. Nimejipitisha mezani kwake bwaloni mara nne! Anasoma tu. Riwaya za mapenzi kuhusu wachezaji wa vyuoni wa hoki ya barafuni. Jalada lina kijana kifua wazi juu ya barafu. Nimonia hiyo!

Cha ajabu: pale pale mezani alikaa Anders Kvale, ninayeishi naye chumba kimoja. Nyota halisi wa hoki, meno mawili ya mbele hana. Solveig alimwomba chumvi, basi. Kwa nini wa kitabuni anapendwa na wa kweli anaombwa chumvi? Lazima nijue. Nikijua, dansi ni yangu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeazima riwaya moja, nikaificha ndani ya kitabu cha uchumi. Nimekosa vipindi viwili. Inashika! Shujaa ananuna kuanzia ukurasa wa kwanza. Hacheki, hajibu simu, ana siri. Nimeelewa: siri ni kununa.

Nimenuna chakula chote cha mchana. Anders aliuliza nani kafa. Solveig aliuliza kama ni jino, akanipa kidonge. Nimekimeza kwa heshima.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwenye kikundi cha kusoma riwaya cha Solveig na wenzake. Nikauliza waziwazi: mnapenda nini humu? Wote wakaongea kwa mpigo. Rafiki yake, Hedda, alisema katika umri wetu hujui utafanya kazi gani wala utaishi wapi, na mama yako kashageuza chumba chako kuwa cha kufumia sweta. Lakini kitabuni unajua tangu mwanzo kwamba hawa wawili watapatana, kwa hiyo unaogopa ukiwa umetulia. Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo.

Solveig alisema hoki yenyewe hata haielewi. Yeye husubiri ukurasa ule ambapo jitu linaloshangiliwa na uwanja mzima linakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na kusema linaogopa. Nikauliza, na Anders je? Wakaangua kicheko. Eti Anders hata umwambie nyumba inaungua atakuuliza, "Kwani matokeo ya mechi yakoje?"

Nimemwalika Solveig kwenye mechi yangu. Mimi pia ni mwanamichezo! Mchezo wetu unaitwa kerling: mmoja anatelezesha jiwe kwenye barafu, sisi wawili tunafagia barafu mbele ya jiwe ili lifike mbali. Atakuja.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefungua vifungo vitatu vya shati. Kifua kimekufa ganzi.

Jiwe la mwisho, tukilifikisha katikati ya duara tumewashinda wenzetu wa chuo cha Bemidji. Nikafagia kama mwendawazimu. Ufagio ukaligusa jiwe, na hilo ni kosa. Kidogo tu! Hakuna aliyeona. Lakini kwetu hakuna mwamuzi wa mambo hayo. Aliyegusa hujisema mwenyewe. Nikamtazama Solveig. Mashujaa hushinda! Lakini mkono ukanyanyuka wenyewe, nikasema nimegusa. Jiwe likaondolewa. Tumeshindwa.

Nahodha wetu, Irma, alisema mimi na ufagio wangu twende tukafagie ngazi za mabweni. Bemidji wakatununulia chokoleti ya moto, maana desturi ya mchezo wetu ni kwamba anayeshinda ndiye anayenunua. Solveig akanikuta benchini. Sikununa, nilisahau. Nilimwambia niliogopa sana, na kwamba nilitaka kunyamaza kwa sababu yake. Akasema hayo hajawahi kuyasikia nje ya kitabu. Kisha akaniuliza kama nina viatu vya dansi.

NINAVYO!

Jumapili, 9 Februari

Nimetafakari. Kilichofanya kazi ni nini? Ni wazi: kugusa jiwe. Jumatano tuna mechi nyingine na Solveig atakuja. Nitagusa mawili. Na kitunguu ndani ya glovu, kwa ajili ya machozi.

Alhamisi, 13 Februari

Niligusa matatu. La kwanza Solveig alinionea huruma. La pili alikunja uso. La tatu nilijisema hata kabla ya kuligusa. Irma kanifukuza timu.

Benchini nikajipangusa macho kwa glovu na kusema naogopa. Solveig akanusa. Akachukua glovu, akakung'uta kitunguu mezani mbele ya watu wote. Hakufoka. Alisema Jumamosi aliniamini, basi. Ataenda dansi na Hedda.

Nimechunguza kosa lilikuwa wapi. Kitunguu kilikuwa kikubwa mno. Barafu ikiyeyuka besiboli inaanza, na riwaya za mapenzi za besiboli zipo, nimeazima tatu. Shujaa wa besiboli hutafuna mbegu za alizeti. Kesho nanunua.

Kitunguu kile kikali kweli. Nimekitupa tangu jana na macho bado yanatoka machozi.